Daftari Lisilo Rasmi: Historia ya Vifurushi vya Linux na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Nyakuron

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mwalimu wa lugha ni maneno: methali aliyoisikia sokoni, kosa la mwanafunzi linalofichua kanuni ya ngeli, neno moja lenye maana hii Unguja na maana nyingine Juba. Zamani mali hiyo ilihifadhiwa katika daftari la karatasi. Siku hizi walimu wengi huihifadhi katika kompyuta, kwa kutumia programu za kuandikia na kupangia maandiko mafupi. Katika makala haya tutaziita programu za daftari.

Mara nyingi wenye programu hizo huzitengeneza kwa ajili ya kompyuta za Windows na za Apple tu. Mwalimu anayetumia mfumo wa Linux huachwa nje. Ndipo hutokea mtu mwingine, asiyetumwa wala kulipwa na mwenye programu, akaichukua, akaifungua na kuifungasha upya ili ikubali kufanya kazi katika Linux. Matokeo ya kazi yake huitwa kifurushi kisicho rasmi.

Madhumuni ya makala haya ni kujibu swali moja: kifurushi cha namna hiyo kina uhalali gani, na anayekifungasha ana wajibu gani? Tutajaribu kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba muhuri wa ofisi peke yake si unaoipa kazi hii heshima yake. Heshima yake hutokana na uwazi wa mfungashaji na uaminifu wake katika kuilea. Jambo hili lawahusu walimu wa Kiswahili kwa karibu zaidi kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Nyakuron na haja ya daftari

Mtaa wa Nyakuron mjini Juba unajulikana zaidi kwa kituo chake cha utamaduni, ambamo hufanyika ngoma, maigizo, harusi na mikutano. Mjini humo mtu husikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na Kiingereza. Husikia pia Kiswahili.

Kiswahili hicho hakikuletwa na amri ya serikali. Wengine walikileta kutoka uhamishoni. Kambi ya Kakuma, katika Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992, na vijana wengi wa kutoka Sudani walisoma huko kwa mtaala wa Kenya, ambao tangu mageuzi ya mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Wengine walikileta kwa biashara, pamoja na malori yaliyotoka Kenya na Uganda baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005. Sudani Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, Katiba yake ya Mpito ilizitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa, ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Kiswahili hakikutajwa. Ilipofika mwaka 2016 nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Kwa hiyo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba Kiswahili cha Juba kilianza kama kifurushi kisicho rasmi: watu walikifungasha wenyewe katika mizigo yao, kikafanya kazi kabla hakijapata cheti.

Sasa tumfikirie mwalimu wa Kiswahili katika mtaa huo. Kompyuta yake ni kuukuu, na ameiwekea Linux kwa sababu mfumo huo haulipiwi na huvumilia mashine za zamani. Umeme aghalabu hutoka katika jenereta au paneli za jua. Intaneti kwa miaka mingi ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Kebo ya nyuzi za mwanga kutoka mpaka wa Uganda ilifika Juba mwaka 2020 tu. Mwalimu huyu anahitaji daftari litakalofanya kazi hata intaneti inapokatika.

Anahitaji jambo jingine pia, ambalo mwenye programu aliye mbali hatalifikiria. Mkabala na kila neno la Kiswahili angependa kuandika maana yake kwa Kibari na Kidinka. Lugha hizo zina herufi zisizokuwamo katika Kiswahili. Mwezi wa Aprili mwaka 1928, huko Rejaf, kusini kidogo ya Juba, ulifanyika mkutano wa lugha uliochagua lugha za kufundishia katika Sudani ya Kusini, na kuweka misingi ya kuziandika kwa herufi za Kirumi. Yafaa ikumbukwe kwamba mwezi wa Juni mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiswahili kilitoka Mombasa na herufi ishirini na kitu zinazopatikana katika taipureta yoyote. Lugha za Nile zilibaki na herufi kama ŋ, ɛ na ɔ, ambazo kila chombo kipya cha kuandikia huzisahau hadi akumbushwe mwenye chombo. Tutairudia nukta hii.

Vifurushi vilivyoanza

Kifurushi ni nini? Programu ya kompyuta si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa majalada mengi: lile linaloendeshwa, picha ya alama yake, maelezo, na maktaba za programu nyingine inazozitegemea. Kifurushi huyakusanya majalada hayo katika mzigo mmoja, pamoja na hati inayosema jina la programu, toleo lake, aina ya kompyuta inayofaa, jina la mlezi wake, na vitu vinavyotakiwa kuwapo kabla yake.

Linux yenyewe ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Alichotengeneza kilikuwa kiini cha mfumo tu. Zana nyingi zilizokizunguka zilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mwaka 1992 kiini cha Linux kiliwekwa chini ya Leseni ya Umma ya GNU, inayomruhusu mtu yeyote kuisoma programu, kuibadilisha na kuigawa, mradi awape wengine haki hiyohiyo.

Lakini mtu wa kawaida hakuweza kuviunganisha vipande hivyo mwenyewe. Mwaka 1992 ulitokea mkusanyiko ulioitwa SLS, ukapendwa, lakini ulikuwa na kasoro nyingi. Patrick Volkerding alianza kuzirekebisha kasoro hizo kwa matumizi yake, na mwaka 1993 akatoa mkusanyiko wake mwenyewe, Slackware. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Ian Murdock, ambaye naye hakuridhika na SLS, akatangaza Debian. Alitaka kila kifurushi kiwe na mlezi anayejulikana, na kazi yote ifanywe mbele ya macho ya watu.

Hapa pana funzo la kwanza. Slackware ilianza kama masahihisho ya mtu asiyetumwa na yeyote. SLS, iliyokuwa ya asili, imekwisha kusahauliwa. Slackware na Debian zimedumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2004 Ubuntu ilijengwa juu ya Debian. Basi urasmi si sifa ya kuzaliwa nayo. Huja baadaye, pale jumuiya inapoikubali kazi iliyokwisha kufanywa vizuri.

Daftari linavyofungashwa upya

Tuje sasa kwenye programu za daftari. Evernote ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, na kwa zaidi ya miaka kumi haikuwa na toleo la Linux. Watumiaji wa Linux hawakukaa kungoja. Mmoja wao aliandika programu nyingine mpya inayoweza kusoma maandiko ya Evernote. Iliitwa NeverNote, kisha NixNote. Mwaka 2017 ilitokea Joplin, daftari huria la Laurent Cozic, ambalo huweza kupokea maandiko yaliyohamishwa kutoka Evernote na kufanya kazi bila intaneti. Joplin ilitolewa kwa Linux tangu mwanzo, lakini si kwa kila namna ya kifurushi. Watu wa mifumo mbalimbali ya Linux waliifungasha wenyewe kwa namna zao. Nayo Notion, iliyotokea mwaka 2016, ilitoa programu za Apple na Windows, na kwa miaka mingi haikutoa ya Linux. Hapo ndipo watu walipoanza kukifungua kifurushi cha mwenyewe na kukifungasha upya.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya Electron, chombo kilichotokea mwaka 2013, ambacho huiwezesha programu iliyoandikwa kwa lugha za kurasa za wavuti kufanya kazi kama programu ya mezani. Programu ya Electron ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi ya programu yenyewe, ambayo ni yaleyale katika Windows, Apple na Linux. Ya pili ni Electron, ambayo hutolewa kwa kila mfumo na watengenezaji wake. Mfungashaji hukipakua kifurushi cha Windows, huyatoa maandishi yale, na kuyaweka ndani ya Electron ya Linux.

Kazi ingekuwa rahisi kama yangekuwa hayo tu. Ndani ya maandishi hayo aghalabu mna vipande vichache vilivyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine ya Windows, hasa kile kinachoandika na kusoma hifadhidata. Vipande hivyo havisomeki katika Linux. Mfungashaji hana budi kuvitafuta katika asili yake na kuvitengeneza upya kwa toleo lilelile la Electron. Tofauti ndogo ya toleo huifanya programu izimike inapofunguliwa. Kisha huondoa sehemu inayotafuta masasisho ya Windows, huweka alama ya programu mahali pake, huandika jalada dogo linaloiingiza katika orodha ya programu, na mwisho huandika ile hati ya kifurushi.

Katika hati hiyo ndipo mfungashaji wa Juba anapoweza kutenda jambo ambalo mwenye programu hakulitenda. Kidinka, kwa mfano, hutofautisha irabu za kawaida na zile za pumzi kwa nukta mbili juu ya herufi: ä, ë, ɛ̈, ɔ̈. Unicode, mpango wa kuzipa herufi zote namba zake uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, umeipa ë namba yake, lakini ɛ̈ haina namba moja. Huandikwa kwa ɛ ikifuatwa na nukta zake. Fonti isiyoandaliwa huzitupa nukta hizo pembeni au huonyesha kisanduku kitupu. Mfungashaji aweza kutaja katika hati ya kifurushi kwamba daftari hili liambatane na fonti inayozijua herufi hizo, kama vile Charis, iliyotengenezwa na SIL na kutolewa chini ya leseni huria. Mstari mmoja tu wa hati humwezesha mwalimu kuandika lugha ya mwanafunzi wake bila kuivunja.

Mikasa mitatu

Yafaa sasa tutazame upande wa pili, maana si kila kifurushi ni cha kuaminiwa. Historia imetuachia mikasa mitatu ya kuzingatiwa.

Wa kwanza ni mkasa wa jina. Mwaka 2006 wenye Firefox walidai kwamba Debian, iliyokuwa ikiibadilisha programu hiyo kidogo, isiitoe kwa jina la Firefox bila kibali chao. Debian ikaipa jina jingine, Iceweasel, likatumika hadi mwaka 2016 walipopatana. Leseni ya programu huruhusu kuibadilisha. Haimruhusu mtu kuvaa jina la mwenzake. Anayefungasha daftari la mtu mwingine hana budi kusema waziwazi kwamba kifurushi ni chake, na makosa yake yasipelekwe kwa mwenye programu.

Wa pili ni mkasa wa mabadiliko. Mwaka huohuo wa 2006 mlezi mmoja wa Debian aliondoa mistari michache katika OpenSSL, programu ya kutengenezea funguo za siri, kwa sababu zana ya ukaguzi iliilalamikia. Alikuwa ameuliza kwanza, na jibu alilolipata halikumwonya. Mistari hiyo ndiyo iliyozipa funguo ubahatishaji wake. Kwa karibu miaka miwili funguo zilizotengenezwa katika Debian na mifumo iliyotokana nayo zilitoka katika orodha ya uwezekano 32,767 tu kwa kila aina, hata mshambuliaji aliweza kuzijaribu zote. Kasoro ilitangazwa Mei 2008. Nia ilikuwa njema. Ila aliyesahihisha hakuielewa kazi ya alichokifuta. Mwalimu aliyewahi kuona mhariri akifuta kiambishi akidhani ni kosa la chapa ataufahamu mkasa huu mara moja.

Wa tatu ni mkasa wa ulezi. Arch Linux, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, ina ghala la watumiaji ambamo huwekwa maelekezo ya kufungasha, si programu zenyewe. Mtumiaji huyasoma, kisha kompyuta yake huichukua programu kwa mwenyewe na kuifungasha hapohapo. Huu ni mpango wa busara, kwani hauigawi mali ya mtu bila ruhusa yake. Lakini Julai 2018 maelekezo ya kufungasha kisomaji cha hati cha Adobe yalikuwa yameachwa na mlezi wake. Mgeni aliyachukua, akaongeza mstari unaoita maandishi mabaya kutoka kwingine. Uovu ukagunduliwa upesi na kuondolewa, kwa sababu maelekezo yalikuwa wazi na kulikuwa na watu walioyasoma. Kifurushi kilichoachwa kilikuwa nyumba isiyo na mlinzi. Kilichowaokoa watu ni kwamba milango yake ilikuwa ya kioo.

Daftari si programu ya mchezo. Ndani yake mna alama za wanafunzi, majina yao, pengine habari za nyumbani walizomwamini mwalimu. Katika mji ambao watu wengi wamewahi kukimbia makwao, orodha ya majina ni amana nzito. Kwa hiyo mwalimu asichukue kifurushi asichojua kilikotoka, hata akiletewa na rafiki katika kidude cha kuhifadhia. Na apime: ikiwa lipo daftari huria kama Joplin, ambalo mtu yeyote aweza kulikagua, je, pana haja gani ya kulifungasha lile lililofungwa?

Kiswahili nacho kilifungashwa

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Helsinki na Marekani tu. Sivyo. Mwishoni mwa mwaka 2004 Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na IT+46 ya Uswidi, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice.org, likaitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo haikuhitaji kuomba kampuni yoyote iione soko la Kiswahili kuwa na faida. Asili ya programu ilikuwa imewekwa wazi tangu mwaka 2000; leseni iliruhusu; wakawepo watu walio tayari kukaa na istilahi moja baada ya nyingine.

Kazi kubwa ya mradi ilikuwa istilahi, nayo ni kazi tunayoifahamu sisi walimu. Neno likiandikwa kwenye kitufe litasomwa na maelfu ya watu kabla halijafika katika kamusi yoyote. Kwa hiyo mfungashaji wa programu, apende asipende, ni mwalimu wa lugha. Ikiwa maelezo ya kifurushi cha daftari yataandikwa kwa Kiswahili fasaha, mwanafunzi wa Nyakuron atajifunza maneno ya kifurushi, hifadhidata na leseni kwa kuyatumia, kama vile babu zetu walivyojifunza maneno ya chombo kwa kukivuta pwani.

Hitimisho

Tumeona kwamba mifumo mikubwa ya Linux ilianza kama kazi zisizo rasmi, na kwamba kazi hizo ziliheshimika kwa sababu wenyewe walionyesha walichokifanya na wakabaki kukilea. Tumeona pia kwamba jina lisiloazimwa kwa ruhusa, sahihisho lisiloeleweka na ulezi ulioachwa vimeleta hasara. Mwalimu mwenye nia ya kufungasha daftari kwa ajili ya wenzake na ashike mambo manne: aisome leseni kwanza, ayaweke wazi maelekezo yake yote, aseme kwamba kifurushi ni chake, si cha mwenye programu, na siku atakapochoka, amkabidhi mtu anayemjua au akifunge, asikiache njiani.

Mambo hayohayo yatufaa sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo sheria haikututaja. Hatuna haja ya kungoja muhuri ndipo tufundishe. Ila tuonyeshe vyanzo vyetu, tusilibadilishe neno tusilolielewa, tusivae vyeo tusivyopewa, na tusiwaache wanafunzi nusu ya njia. Wazee wa pwani walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu. Hawakutukataza kusafiri katika chombo kilichotengenezwa na mwingine. Walitutaka tuijue nyota tunayoifuata, na tuweze kumwonyesha abiria ilipo.